Kidole cha Photoshop: jinsi ya kusmaji picha ya mtu bila kumgeuza sura

Desemba Moshi inavyokuwa we unaijua, wachaga wamerudi nyumbani kutoka kila kona, pale stendi huwezi hata kuvuka barabara, na sisi wenye vistudio vidogo ndo msimu wetu wa kuvuna, kipaimara, ubatizo, harusi, ukoo mzima umepangwa mbele ya migomba. Sasa Desemba moja akaja kaka mmoja na picha ya mama yake, bibi wa Kibosho, kajifunga kilemba, kakaa kwenye kigoda barazani. Akasema mdogo wangu naomba hii uifanye kama imechorwa, ile staili ya smaji mnayoifanya, tuiprinti A3 tumpe zawadi kabla hatujarudi Dar. Nikakesha nayo. Nikalainisha ile sura mpaka ikawa kama embe limepakwa mafuta, nikajisifu mwenyewe, asubuhi kaka kaja kaangalia, kanyamaza, kaangalia tena, afu kwa upole kabisa akaniambia "mdogo wangu umejitahidi, ila huyu sio mama."

Nilikuwa nimefuta mikunjo yote, ile ya pembeni ya macho, ile miwili ya mdomoni inayotokea akicheka, hamna kitu, yule bibi wa miaka themanini na kitu nimemgeuza dada wa miaka thelathini aliyevaa kilemba cha bibi. Kwaiyo haya nayaandika kwa anayeanza kutumia hiyo zana ya kidole ya programu ya picha, Kiingereza inaitwa Smudge, ndo hiyo tunayoiita smaji, nayaandika vile ambavyo ningependa mtu aniambie mimi kabla ya usiku ule.

Kwanza ujue inafanya nini, maana wengi wanaifungua wanaanza kusugua tu. Chukua rangi mbichi kwenye karatasi, weka kidole uburute, ile rangi iliyokuwa pale unapoanzia inafuata kidole na kuchanganyika na za njiani. Basi ndo hivyo hivyo, na ndo maana alama yake ni kidole. Inachota rangi pale ulipobonyeza na kuikokota unakoelekea, haitengenezi kitu kipya, haiongezi ubora, kama picha haina jicho haitakupa jicho. Kutoka hapo unapata sheria moja ambayo ukiishika nusu ya kazi imeisha: unapoanzia ndo rangi utakayobeba. Ukianzia kwenye ndevu ukaishia shavuni umepeleka masizi shavuni. Ukianzia shavuni ukaja kwenye ndevu umezipunguza ndevu. Ni mkono ule ule, sehemu zile zile mbili, matokeo tofauti kabisa.

Kwenye Photoshop iko pamoja na ile alama ya tone la maji, bonyeza tone ushikilie kidogo, zitatoka tatu, tone la kufifisha, pembetatu ya kunoa, na kidole chetu. Kama kwenye mstari wa zana huoni tone wala kidole, angalia zile nukta tatu za chini, matoleo mapya yamezificha baadhi ya zana huko. Haina herufi ya mkato kwenye kibodi, labda uipangie mwenyewe. Wa GIMP mmebahatika, mnabonyeza S tu, na GIMP ni ya bure kabisa, hamna kutafuta kraki zenye virusi. Kama huna programu yoyote, Photopea inafunguka kwenye brauza hata ya kompyuta ya intaneti kafe na kidole kipo na faili za PSD, zile za Photoshop, inazifungua. Wa simu nendeni ibisPaint, nayo inacho, na kwenye simu kuna raha yake unapaka kwa kidole chako kweli kweli, ila ukipaka dakika kumi kidole kimeficha nusu ya kioo huoni unachofanya. Mi nitaongea zaidi kwa Photoshop na GIMP, mengine yanafanana.

Kabla ya picha ya mteja fanya hili jaribio, dakika tano tu. Fungua karatasi nyeusi, chora mstari mweupe mnene, chukua kidole, pale juu palipoandikwa Strength weka 20 uburute kutoka kwenye mweupe kwenda kwenye mweusi, halafu weka 50, halafu 90. Kwa 20 rangi inakufa palepale, kwa 50 inaenda kidogo inafifia, kwa 90 inavutika ndefu kama mlenda. Kwenye 100 haiishi kabisa, inabeba ile ile mpaka utakapoachia mausi. Hiyo nguvu unaibadilisha kwa namba za kibodi bila kwenda juu, 2 ni asilimia 20, 9 ni 90, 0 ni 100. Ukubwa wa brashi ni zile alama za mabano ya mraba, moja inapunguza nyingine inaongeza. Kwa GIMP hiyo nguvu inaitwa Rate. Vidole vyako vikishazoea hizi kazi inaenda haraka mara tatu, si utani.

Afu kuna kiboksi kimeandikwa Finger Painting, kitoe tiki. Kikiwa na tiki kila mkokoto unaanza na rangi uliyochagua kwenye paleti badala ya rangi ya picha, mi niliwahi kumpaka bwana harusi michirizi meupe puani nikadhani kompyuta imeharibika.

Sasa maandalizi. Mteja akikutumia picha WhatsApp mwambie atume kama dokumenti, ikitumwa kawaida inabanwa na unapokea viboksi viboksi, na ukismaji viboksi unapata uji. Ujue saizi ya karatasi mapema pia, A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli (vinukta vya picha) 2480 kwa 3508, A3 ni 3508 kwa 4961. Picha ikiwa ndogo ikuze KABLA ya kuanza, usije ukasmaji kwenye kidogo ukakuza mwishoni. Na hapa smaji ina faida yake, picha iliyokuzwa ikawa laini na haina vinyweleo vya ngozi, ukiichora upya na kidole inaonekana kama mchoro na hakuna atakayeuliza ubora, ndo maana hii staili inapendwa sana kwa picha za zamani za wazee.

Usipake juu ya picha yenyewe. Narudia, usipake juu ya picha yenyewe. Fungua leya mpya tupu juu ya picha, leya ni kama karatasi ya nailoni angavu iliyolala juu yake, chagua kidole, weka tiki palipoandikwa Sample All Layers, kwa GIMP ni Sample merged. Sasa kidole kinachota rangi za chini ila kinapaka kwenye ile leya tupu. Ukikosea pua unafuta pua tu, ya chini iko salama. Mi nafungua leya ya ngozi, ya nywele, ya nguo, ya mandhari, kila moja na jina lake, mwanzoni unaona uvivu lakini mteja akisema "nywele hapana" utanikumbuka.

Mtego mmoja hapo. Kama juu kuna leya ya kurekebisha mwanga au rangi, kile kidole kinachota rangi iliyokwisha kurekebishwa, halafu leya ile inairekebisha mara ya pili, unashangaa ulikopaka panang'aa kuliko kwingine. Zizime hizo leya kwanza, paka, utaziwasha mwisho. Hili lilinisumbua wiki nzima kabla sijaelewa.

Na sevu kila baada ya muda, PSD, au XCF kwa GIMP. Sio kwa sababu ya umeme tu, ingawa umeme nao unaujua. Ni kwamba smaji ni mikokoto mingi midogo, Photoshop kwa kawaida inakumbuka hatua 50 za nyuma, matoleo ya zamani 20 tu, na hatua 50 za smaji hazitoshi hata nyusi moja. Unagundua umekosea pua, unabonyeza Ctrl+Z inakugomea palepale kwenye shavu. Unaweza kuongeza hiyo namba kwenye mipangilio ila laptopu yenye RAM 4 itaanza kulia.

Tuje kwenye ngozi. Brashi laini, nguvu 15 mpaka 30, na palipoandikwa Spacing kwenye mipangilio ya brashi shusha toka 25 mpaka kama 5, ikiwa juu utaona vidoti vidoti kwenye mkokoto, ikiwa chini sana mashine inakuwa nzito, tafuta yako. Zumu uione kwa karibu mpaka asilimia 200, ila kila dakika chache rudi 50 uangalie kwa mbali, ukikaa ndani tu utapaka kitundu kimoja cha ngozi nusu saa kumbe kidevu kimeenda upande.

Ngozi zetu nyeusi zinabeba mwanga kwenye paji, mgongo wa pua, juu ya shavu, na kidevuni kidogo. Hivyo ving'aro ndo umbo la uso. Wengi wanajifunza kwa video za nje zenye wazungu, wanasugua kutoka kwenye mwanga mpaka kwenye kivuli na kurudi, kwa ngozi yetu ukifanya hivyo mwanga unachanganyika na weusi unapata kijivu, mtu anakuwa kama amejipaka majivu au ametoka kwenye vumbi la barabara ya kijijini mwezi wa tisa. Mi nafanya hivi: napaka ndani ya eneo la mwanga peke yake mpaka litulie, napaka ndani ya eneo la kivuli peke yake, afu mwisho nakuja kwenye mpaka wao na mikokoto mifupi inayofuata mpaka, kama mtu anayetembea juu ya tuta la shamba, hakatizi. Mkokoto ufuate umbo, shavu ni duara basi zungusha, pua imeshuka basi shuka, paji limelala basi lala.

Chunusi na madoa usiyafute kwa kidole, doa halifutiki linatandazwa tu, unakuwa na doa refu. Hizo zitoe kwanza kwa zana ya kuponya (Healing Brush), halafu ndo uje kusmaji.

Na mikunjo. Mkunjo ni mstari wa giza na kando yake kuna mstari mdogo wa mwanga, vyote viwili vinaenda pamoja. Ukitaka kuuacha lakini uonekane umechorwa, brashi ndogo, fuata mkunjo kwa urefu wake, giza kwa giza, mwanga kwa mwanga. Ukiukata kwa upana hata mara mbili umeufuta. Usiku ule na bibi wa Kibosho nilikata kwa upana kila mahali, brashi kubwa, nguvu 60, nikijiona fundi.

Macho mi nayaogopa mpaka leo. Ile nukta ya mwanga ndani ya jicho usiiguse kabisa, ikipotea mtu amekufa hapo hapo. Mboni izunguke taratibu, weupe wa jicho usiwe mweupe pee, na kope unazivuta na brashi ya pikseli 2 au 3, nguvu 80, anzia kwenye ukingo wa jicho unavuta nje haraka na kuachia. Midomo inafuata mistari yake ya juu kwenda chini. Meno, ya nini, yaache.

Nywele ndo penyewe, hapa nitakaa. Video nyingi zinakuonyesha nywele ndefu zinavutwa vuu mpaka mabegani. Sasa mteja wako wa Majengo ana nywele za kipilipili, ukizivuta hivyo unamfanya aonekane kamwagiwa maji. Nywele fupi zetu hazivutwi, zinadonolewa. Chalii mmoja wa Ngarenaro, Arusha, ndo alinionyesha, na machalii wa kule kwa kazi za smaji usiwachezee. Unatengeneza brashi ya vidoti vichache vilivyotawanyika, yaani unachora vidoti kama saba vyeusi kwenye karatasi nyeupe, saizi tofauti, unakisevu kama brashi kutoka menyu ya Edit, afu ukichukua kidole na hiyo brashi kila mkokoto unatoa nyuzi saba kwa mpigo. Nguvu 70 hivi, unazungusha viduara vidogo vidogo kama unakoroga sukari kwenye kikombe, na kwenye ukingo wa kichwa unavuta kidogo tu nje ili kichwa kisionekane kimekatwa na mkasi. Ukingo ndo unaouza kazi, ndani hata ukilegea hakuna anayeangalia.

Mtu aliyesuka twende kilioni ni rahisi kuliko unavyodhani, kila msuko ni kamba, fuata kamba kutoka paji kwenda nyuma, na ile mistari ya ngozi katikati iache safi, ukiichafua tu msuko umekuwa kofia. Rasta ndefu unazivuta na nguvu 85 mpaka 90, moja moja, usivute mbili kwa pamoja hata kama umechoka.

Kwa nywele zilizonyooka au ndevu ndefu na huna kalamu ya kuchorea una mausi tu, kuna ujanja. Mausi haijui kubonyeza kwa nguvu wala polepole, kwaiyo uzi unatoka mnene mwanzo mpaka mwisho kama waya. Chora njia na ile zana ya peni, klik ya kulia, chagua Stroke Path, kwenye orodha chagua Smudge, weka tiki Simulate Pressure, na brashi yako iwe imewekewa Pen Pressure kwenye Shape Dynamics. Uzi utatoka mwembamba mwanzo, mnene katikati, mwembamba mwisho. Ni kazi ya kuchosha, njia moja uzi mmoja, ila nyuzi ishirini za juu juu zinatosha kudanganya jicho.

Nguo nitapita haraka. Mikunjo ya kitambaa inafuata urefu wake kama mikunjo ya uso. Maua ya kitenge usiyapake yote, lainisha ndani ya kila ua bila kuvuka mpaka wa rangi. Shuka ya kimasai yenye vyumba vyekundu na vyeusi ndo mtihani, ukivuka chumba kimoja tu imekuwa blanketi.

Kama umemkata mtu ukamweka kwenye mandhari nyingine, mlima kwa mfano maana kila mtu anataka Kibo nyuma yake hata kama picha imepigwa Pasua sebuleni, rangi zitavuja nje ya ukingo wake ukipaka kwenye leya yake. Funga sehemu tupu za ile leya, kile kialama cha vyumba vidogo kwenye paneli ya leya, Lock alpha kwa GIMP. Ukingo unabaki pale pale. Na kama ulimkata kwa maski, yaani kile kifuniko cha leya ambacho penye weupe panaonekana na penye weusi panafichwa, kidole kinafanya kazi kwenye maski pia, brashi ndogo nguvu 70, vuta weupe wa maski kwenda nje pale kwenye nywele, nyuzi zilizokatwa zinarudi. Hii peke yake imeniokoa kwenye picha nyingi za maharusi kuliko hata smaji yenyewe.

Moshi wa nyama choma kwenye bango la baa nao ni kidole hicho hicho, kwenye leya tupu chora mistari mitatu minne myeupe iliyopinda, brashi kubwa laini, nguvu 50, iyumbishe kulia kushoto ukipanda juu, opasiti, yaani ukolezo wa leya, shusha mpaka 40. Dakika tatu. Bei usimwambie ni dakika tatu.

Ukimaliza mtu utaona amekuwa kama wa plastiki, hasa kama mandhari ya nyuma hujaipaka, huku kuna chengachenga za kamera kule laini tupu. Aidha upake na nyuma pia kwa brashi kubwa, au urudishe chenga: leya zote ziungane kwenye kopi moja juu, nenda Filter, Noise, Add Noise, weka 2 au 3, Gaussian, na tiki ya Monochromatic ili zisije chenga za rangi rangi. Afu igeuze picha kushoto kulia uiangalie, makosa ya macho na mdomo yanajitokeza yenyewe.

Na prinza zinatia giza. Kwenye kioo chako ngozi inang'aa, karatasi inatoka nyeusi ti, kwaiyo printi kipande kidogo cha uso kwanza kwenye karatasi ile ile utakayotumia ndo utoe A3, wino ni hela.

Ya bibi niliirudia. Sikuanza upya, maana kwa bahati nilikuwa nimepaka kwenye leya, nikaweka maski nikarudisha mikunjo yote ya macho na mdomo kutoka picha ya chini, leya ya ngozi nikaishusha opasiti mpaka 55, mikunjo nikaifuata kwa urefu na brashi ya pikseli 4. Kilemba na kigoda nikaviacha vilivyokuwa. Masaa mawili tu, usiku ule wa kwanza ulienda na masaa saba. Kaka alipoiona hakusema kitu kwangu, alipiga simu, akaongea kichaga kwa muda mrefu akicheka, afu akalipa iliyobaki.

PSD ya bibi ninayo bado kwenye hadidiski, gigabaiti na kitu, na we zako usifute, maana Desemba iliyofuata alirudi anataka ile ile lakini kubwa ya ukutani na baba awekwe pembeni, na ya baba aliyoleta ni pasipoti saizi imepigwa stempu puani.